Buli la Fedha na Ugiriki Usiokuwepo

Karibu kila shule kongwe ya sekondari ina kabati la vioo, na ndani yake kombe la ushindi: mwili kama mtungi, mguu mwembamba wa kusimamia, kifuniko chenye kifundo kileleni, na masikio mawili yaliyopinda kutoka mabegani hadi kiunoni. Hakuna anayelinywea. Mwambie mtoto wa darasa la tatu achore kombe, atachora hilo hilo bila kuuliza. Umbo hilo lilishika sura tunayoijua huko Uingereza katika miaka ya 1760 na 1770, masonara walipoanza kufua makombe ya mbio za farasi kwa mfano wa mitungi ya kale. Mojawapo lililo mashuhuri ni kombe la mbio za Richmond la 1770, lililofuliwa na Daniel Smith na Robert Sharp wa London kwa mchoro wa msanifu majengo Robert Adam.

Mtindo wenyewe tuuite Klasiki Mamboleo. Kwa muda mrefu umeelezwa kwa hadithi moja nyepesi: matajiri wa Ulaya walikwenda kutazama magofu ya Italia, wakaipenda Roma na Ugiriki kupita kiasi, wakarudi makwao na kuagiza vyombo vya mezani vifanane na vya wahenga wale. Hadithi hiyo ina ukweli wake. Lakini kila ninapoviangalia vyombo vyenyewe, hasa vile vya matumizi ya kila siku, naona imemwacha nje mhusika mkuu. Mhusika huyo ni bamba: kipande cha madini kilichopitishwa kati ya rola mbili za chuma hadi kikawa chembamba na sawa kila upande.

Tuyatendee haki magofu kwanza. Uchimbaji wa Herculaneum ulianza 1738, wa Pompeii 1748. Adam, Mskoti aliyezaliwa 1728, alikaa Italia tangu katikati ya miaka ya 1750, akavuka bahari ya Adriatiki kwenda kupima kasri la mfalme Diocletian huko Split, na mwaka 1764 akachapisha kitabu kikubwa cha michoro ya kasri hilo. Miaka miwili kabla yake James Stuart na Nicholas Revett walikuwa wametoa juzuu ya kwanza ya vipimo vya majengo ya Athens. Mwaka huo huo wa 1764 Sir William Hamilton alifika Naples kama mjumbe wa Uingereza na kuanza kukusanya mitungi ya kale ya udongo. Mkusanyo wake ulinunuliwa na British Museum mwaka 1772. Kwa hiyo vitabu vya mifano vilikuwepo, tena vya kutosha.

Na mabadiliko mezani yalikuwa makubwa. Sonara aliyetamba London katika kizazi kilichotangulia, Paul de Lamerie, aliyefariki 1751, alifanya kazi kwa mtindo wa Rokoko: mawimbi, makome ya baharini, majani yanayojisokota, upande mmoja haufanani na mwenzake. Katika miaka ya 1760 chombo kikatulia. Pande zikawa sawa kwa sawa, umbo likawa la mtungi, la yai au la ngoma. Mapambo yakawa ya kuhesabika: makoja ya maua yaliyoning'inizwa kati ya vishikizo viwili, vichwa vya kondoo dume, majani ya laureli, michirizi ya wima kama ya nguzo za hekalu, na mstari wa shanga ndogo ndogo ukingoni. Makoja na vichwa vile vilitoka kwenye madhabahu za Kirumi, ambako mnyama wa kafara alivishwa maua kabla ya kuchinjwa. Mezani kwa bwana wa Kiingereza, kichwa cha kafara kikawa mahali pa kushikia bakuli la mchuzi.

Swali langu linaanzia hapo. Waliiga fedha ya nani?

Fedha haina bahati ya marumaru. Marumaru likivunjika hubaki gofu, na gofu huchorwa; fedha ikichakaa hurudi motoni, ikatoka sarafu au kijiko. Vyombo vya fedha vya Kirumi ambavyo mtu wa 1770 angeweza kuviona vilikuwa vichache mno. Hazina kubwa zilijitokeza baadaye sana: Berthouville huko Normandy mwaka 1830, shambani kwa mkulima, Hildesheim nchini Ujerumani mwaka 1868, askari walipokuwa wakichimba, kisha Boscoreale, jirani na Pompeii, mwaka 1895, wakati Adam alikuwa ameshalala kaburini zaidi ya miaka 100.

Na hazina hizo zilipofunuliwa zilionyesha kitu kingine kabisa. Vikombe vya Boscoreale, ambavyo vingi viko Louvre mjini Paris, vimegongwa kutoka ndani hadi picha zikatokeza nje kama zinataka kutoka kwenye chombo. Kuna matawi ya mizeituni na matunda yake, kuna watawala na maandamano ya ushindi, na kwenye vikombe viwili kuna mifupa ya watu iliyosimama wima, ikiwa imeandikiwa majina ya washairi na wanafalsafa wa Kigiriki. Mrumi tajiri alipenda fedha yenye msongamano, yenye masimulizi, yenye mifupa inayomkumbusha kifo huku akinywa divai. Weka kikombe hicho kando ya buli la London la 1785, jembamba, laini, lenye mstari mmoja wa nakshi shingoni. Huwezi kusema ni ndugu.

Kumbe walichoiga masonara wa Klasiki Mamboleo kilikuwa jiwe, lipu na udongo. Nguzo ya hekalu ikawa kinara cha mshumaa. Jeneza la mawe la Kirumi likachangia umbo la bakuli la supu. Mtungi wa Kigiriki wa kuchanganyia divai ukawekewa koki chini, ukawa birika kubwa la maji ya chai. Hata udongo wenyewe haukueleweka vizuri. Josiah Wedgwood alipofungua kiwanda chake kipya cha vyombo vya udongo mwaka 1769 alikiita Etruria, kwa kuwa mitungi iliyofukuliwa Italia ilidhaniwa kuwa ya Waetruska, watu wa Italia ya kale waliotangulia Warumi. Sehemu kubwa ya ile iliyopendwa zaidi ilikuwa ya Wagiriki. Siwalaumu. Walikuwa wanajenga Ugiriki wao kutoka kwenye michoro ya vitabu, na mchoro hauna uzito wala joto la madini. Ila tukishakubali kwamba hawakuwa na fedha ya kale ya kuiga, inabidi tutafute pengine kilichoupa mtindo huu umbo lake.

Twende Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Huko, mwaka 1743 hivi, fundi visu aitwaye Thomas Boulsover aligundua jambo. Inasimuliwa kwamba alikuwa akitengeneza mpini wa kisu, akazidisha moto, fedha na shaba nyekundu zikashikana. Alipozipitisha kwenye rola, zilitanuka pamoja bila kuachana: ngozi nyembamba ya fedha juu, shaba chini. Hilo ndilo Bamba la Sheffield. Halina uhusiano na fedha ya kuchovya tunayoizoea. Kuchovya kwa umeme kulikuja karne iliyofuata, baada ya hataza za akina Elkington, wenye kiwanda mjini Birmingham, za 1840.

Bamba lilikuja na masharti yake. Huwezi kulichonga kwa kina, maana patasi ikishapita ngozi ya fedha inakutana na shaba. Huwezi kuliyeyusha na kulimimina kwenye kalibu, maana fedha na shaba zitachanganyika. Ukingo uliokatwa unaonyesha wekundu, kwa hiyo lazima ukunjwe au ufunikwe kwa uzi wa fedha. Linachokubali ni kuviringwa, kugongwa kwa chapa ya chuma na kutobolewa kwa presi. Sasa rudi uangalie mapambo ya Klasiki Mamboleo: pande zilizonyooka, koja linalojirudia, shanga zinazofunika ukingo, matundu yaliyopangwa kwa safu. Mtindo na kiwanda vilikutana kama chungu na kifuniko chake. Rokoko isingeweza. Pambo ambalo halijirudii linadai mkono mpya kila mara, ilhali chapa ya koja ikishachongwa mara moja itagonga makoja hadi ichakae. Vinara vya Sheffield vinaonyesha jambo hilo waziwazi: ukikipindua kinara kizuri chenye umbo la nguzo, mara nyingi utakuta ni vipande vyembamba vilivyogongwa kwa chapa, vikaunganishwa kwa lehemu, tumbo likajazwa lami ili kisimame. Hekalu la nje ni unene wa ukucha.

Na masonara wa fedha halisi wakaona. Mashine zile zile za kutengenezea bamba la shaba na fedha zilifaa kwa fedha tupu. Aliyeliona mapema kuliko wengi ni Matthew Boulton wa Birmingham, mwenye kiwanda cha Soho alichokijenga katika miaka ya 1760 pamoja na mshirika wake John Fothergill. Boulton alitaka kutengeneza fedha ya hadhi ya London, tena kwa mitambo. Kikwazo kilikuwa muhuri. Kwa sheria, chombo hakiuzwi kama fedha mpaka kipimwe na kuthibitishwa kuwa na sehemu 925 za fedha safi katika 1,000, na ofisi ya upimaji iliyokuwa karibu na Birmingham ilikuwa Chester, kilomita zaidi ya 100 kwa gari la farasi. Vinara vyake viliwahi kurudi kutoka huko vikiwa vimeharibika. Akapeleka ombi bungeni, masonara wa London wakapinga kwa nguvu, na bado mwaka 1773 sheria ikapita: Birmingham na Sheffield zikapata ofisi zao. Birmingham ilipewa alama ya nanga, Sheffield taji. Miji miwili isiyo na mapokeo ya London, iliyojaa rola na presi, ikaruhusiwa kutia muhuri kwenye fedha. Kwangu mimi mwaka huo una uzito katika historia ya mtindo huu kuliko kitabu chochote cha magofu.

Niliwahi kuruhusiwa kulishika buli moja la wakati ule kabla ya mnada. Lilikuwa la London, lenye umbo la yai ukilitazama kutoka juu, ubavu ukishuka moja kwa moja hadi chini, kitako bapa, mrija ulionyooka kama kidole, mpini wa mbao. Chini yake palikuwa na mihuri: simba anayetembea wa kuthibitisha fedha, kichwa cha chui cha mji wa London, herufi ya mwaka, na kichwa cha Mfalme George wa Tatu kilichogongwa kwa kuzama ndani ya fedha, kikitazama kushoto. Kichwa hicho ni risiti. Kilianza kugongwa Desemba 1784, serikali iliporudisha ushuru kwenye vyombo vya fedha baada ya gharama za vita vya Marekani, na sura ile ya kuzama ilidumu hadi 1786 tu, kisha ikabadilishwa kuwa ya kuinuka. Basi nilijua nashika kitu cha kipindi cha miezi kama kumi na minane.

Lilikuwa jepesi kuliko macho yalivyoniambia, kiasi cha wakia 13 za masonara, zaidi kidogo ya gramu 400. Hapo Kiswahili kinatusaidia kuelewa mambo ambayo lugha nyingine inabidi iyaeleze kwa aya nzima, kwa sababu sisi neno letu la madini haya na neno letu la pesa ni moja. Kwa Mwingereza wa wakati ule hali ilikuwa hivyo hivyo mkononi. Sarafu na buli vilitoka kwenye fedha ya kiwango kimoja. Ratili moja ya masonara, yenye wakia 12, ilitoa shilingi 62. Wakia 13 za buli lile, kwa kipimo cha sarafu, ni shilingi 67 na peni 2 (peni 12 zilifanya shilingi moja) zilizokaa juu ya meza. Ushuru mpya ulikuwa peni 6 kwa kila wakia, yaani shilingi 6 na nusu nyingine kwa buli moja. Kila wakia iliyopunguzwa ilikuwa nafuu ya mara mbili, kwa madini na kwa ushuru. Unadhani mteja wa tabaka la kati, mwenye duka au wakili wa mji mdogo, angechagua buli nene la kugongwa kwa nyundo siku kadhaa, au jembamba la bamba lililoviringwa na kuungwa kwa lehemu?

Tena mwaka huo huo wa 1784 serikali ilishusha kodi ya majani ya chai kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5. Chai ikaingia katika nyumba ambazo awali ziliinunua kwa magendo au ziliionja kwa nadra. Mahitaji ya mabuli yakapanda wakati uzito wa fedha unaadhibiwa. Ubavu ulionyooka ukawa jibu. Hata kitako bapa kina habari yake: buli la mduara la zamani lilisimama kwenye mguu wake, lakini hili jipya lilikalia meza moja kwa moja na joto likababua vanishi, ndipo masonara wakaanza kuuza kisinia kidogo cha miguu minne cha kulikalisha. Kisinia hicho kikapewa nakshi ile ile, na leo watu wanakisifu kama wazo la kisanii.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni Hester Bateman. Mumewe alifariki 1760, na mwaka uliofuata, akiwa ameshapita miaka 50, alisajili alama yake ya HB kwenye jumba la masonara wa London. Hakujua kuandika. Aliendesha karakana ya Bunhill Row pamoja na wanawe hadi alipostaafu 1790. Karakana yake ilikumbatia bamba jembamba bila kuona haya, ikatengeneza mabuli, majagi ya maziwa, vikapu na vijiko vya bei ambayo watu wa kawaida kidogo waliweza kuifikia. Wapo wakusanyaji wanaoidharau kazi yake kwa wepesi wake, kana kwamba uzito ndio sanaa. Mimi naona kinyume. Chukua nakshi yake ya kung'ara: fundi anatumia patasi yenye uso uliosuguliwa kama kioo, anakata mikato mifupi kwa mshazari, kila mkato unabaki na uso mdogo unaorudisha mwanga. Kwenye mwanga wa mshumaa unaotikisika, mstari mwembamba wa makoja unametameta wakati mwili wote wa chombo umetulia. Kina cha mkato ni kidogo mno, hivyo hata bamba jembamba linakihimili. Hapo uchumi na uzuri ni kitu kimoja, na fundi aliyefanya hivyo alijua anachokifanya. Sikitiko langu ni kwamba nakshi hii ndiyo ya kwanza kufa. Kila kizazi cha watumishi waliosugua fedha kwa chaki kimeilamba kidogo, na vipande vingi vya Bateman vinavyoonekana leo vimebaki na kivuli tu cha maua yake.

Kuna ushahidi mwingine, ng'ambo ya Atlantiki, ambao kwangu unamaliza ubishi. Mwaka 1768 John Singleton Copley alimchora Paul Revere, sonara wa Boston, akiwa na shati la kazini, patasi zake mezani, na mkononi ameshika buli. Picha iko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa mjini humo. Buli lile ni la mviringo, lina tumbo kama tunda, la kuinuliwa kwa nyundo kutoka kipande kimoja. Baada ya vita vya uhuru, Revere yule yule alianza kutumia fedha ya kupitishwa kwenye rola, na mabuli yake ya miaka ya 1780 na 1790 yakawa ya yai, ya ubavu ulionyooka, mengine yakiwa na michirizi ya wima kama nguzo. Revere hakwenda Italia wala hakupima kasri la mtu. Alipata bamba, na mitindo ya London aliyokuwa akiifuatia kwa mbali ikawa imeshatoshea kwenye bamba hilo.

Najua nitajibiwa kwamba vyombo vikubwa vya kifahari havifuati hesabu hii. Ni kweli. Seti ya mezani ambayo Adam alimchorea Sir Watkin Williams-Wynn katika miaka ya 1770 haikubana matumizi, wala ile ya maelfu ya vipande ambayo malkia Catherine wa Urusi aliiagiza kwa masonara akina Roettiers wa Paris na kumpa kipenzi chake Orlov. Kwa matajiri wa kiwango hicho mtindo ulitangulia, mashine ikafuata. Lakini mtindo wa watu wachache hufa nao. Huu ulienea kwa sababu ulishuka hadi kwa wenye maduka, na kilichoushusha ni rola. Tena angalia kilichotokea matajiri walipoachiwa peke yao tena. Mwanzoni mwa karne ya 19 Paul Storr, fundi wa ajabu kweli, alifua nakala kadhaa za fedha za Mtungi wa Warwick, jitu la marumaru lililofukuliwa kwenye kasri la mfalme wa Kirumi Hadrian huko Tivoli, karibu na Roma. Zina kila jani na kila sura ya lile jiwe. Nazistaajabia, na bado moyo wangu hauziendei. Ni fedha iliyosahau kwamba ni fedha.

Jambo moja siwezi kulipita kimya. Kati ya vyombo vinavyopendeza zaidi vya mtindo huu ni kikapu cha sukari: kidogo, chenye mpini wa kulaza, ubavu uliotobolewa kwa safu, ndani kikombe cha kioo cha buluu kinachoonekana kupitia matundu. Sukari ile ililimwa Karibi na Waafrika waliotumikishwa utumwani. Hakuna pambo la laureli linaloweza kulificha hilo, na waliokuwa hai wakati ule walilijua. Mwaka 1787 Wedgwood, yule yule wa Etruria, alitengeneza medali ya Mwafrika aliyepiga magoti katika minyororo ili kupinga biashara ya watumwa, kwa udongo na ufundi ule ule aliokuwa akitengenezea sura za miungu wa Kigiriki.

Ukipata nafasi ya kushika buli la miaka hiyo, usianze na makoja. Kama ni Bamba la Sheffield, pitisha jicho ukingoni na kwenye pembe zinazoguswa mara kwa mara. Fedha ikishalika, shaba hutokeza kwa wekundu laini kama wa shavu. Kama ni fedha tupu, ligeuze, upate upande wa mpini. Lipumulie pumzi ya moto kama mtu anayesafisha miwani. Uso mzima utapata ukungu, na katikati ya ukungu, wima, nyuma ya mpini, utatokea mstari mwembamba ambao rangi yake haifanani kabisa na mwili: lehemu, pale ncha mbili za bamba zilipokutana. Utauona kwa sekunde tatu au nne, kisha ukungu unakauka na buli linarudi kuwa zima.